Kampeni ya Askari, Mfuko wa Nani?

Tarehe 10 Mei 2012, maelfu ya askari polisi waliokuwa nje ya zamu waliandamana katikati ya London. Waandaaji walisema waandamanaji walizidi 30,000. Hawakuvaa sare. Wengi wao walivaa kofia nyeusi, na kofia hizo zilikuwa 16,000, kila moja ikisimama badala ya mtu mmoja ambaye polisi wa England na Wales walitarajiwa kumpoteza kwa sababu bajeti ilikuwa imebanwa. Serikali ilikuwa imetangaza kupunguza ruzuku ya polisi kwa asilimia 20 ndani ya miaka minne, na ripoti za Tom Winsor, aliyepewa na serikali kazi ya kuchunguza malipo ya polisi, zilikuwa zimependekeza mabadiliko makubwa ya mishahara na masharti ya kazi. Askari haruhusiwi kugoma. Kilichobaki ni kutembea barabarani kwa utulivu, kuonekana na kusikika.

Aliyeandaa maandamano hayo ni Shirikisho la Polisi la England na Wales, chombo kinachowasemea askari kuanzia konstebo hadi inspekta mkuu katika vikosi vyote 43. Wanachama wake hivi sasa wanazidi 145,000. Watu wengi walibishana kama askari wana haki ya kuandamana dhidi ya serikali wanayoitumikia. Mimi naamini wanayo, na sitarudi tena kwenye mjadala huo. Kilicho kizito zaidi, na kinachozungumzwa kidogo mno, ni fedha: kampeni ya namna hii hulipiwa kutoka mfuko gani, nani huidhinisha matumizi, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuona nini katika hesabu hizo?

Jibu lake lina mizizi mirefu. Mwaka 1913 baadhi ya askari wa London walianzisha chama cha wafanyakazi kwa siri. Tarehe 30 Agosti 1918, vita kuu ikiwa bado inaendelea, askari wapatao 12,000 wa jiji hilo waligoma. Serikali ilishtuka, ikawaongezea mshahara, kisha ikaanza kutafuta njia ya kuhakikisha jambo hilo halijirudii. Njia yenyewe ilikuwa Sheria ya Polisi ya 1919. Ilipiga marufuku askari kujiunga na chama chochote cha wafanyakazi, na papo hapo ikaunda Shirikisho ili malalamiko yawe na mahali pa kupitia. Waliogoma Agosti 1919 kupinga sheria hiyo, wengi wao wa London na Liverpool, walifukuzwa kazi. Walikuwa zaidi ya 2,000, na hakuna hata mmoja aliyerudishwa.

Kwa hiyo Shirikisho halikuzaliwa na wanachama wake. Lilizaliwa na serikali, likapewa kazi ya kushughulikia maslahi ya askari na ufanisi wa kazi yao, na likafungiwa milango mingine yote. Sheria ilisema lisihusiane na mtu wala chombo chochote nje ya utumishi wa polisi. Kwa miongo mitatu na zaidi halikuwa hata na haki ya kukusanya ada. Chombo kisicho na fedha yake hakiwezi kuendesha kampeni, na ndivyo waliolitunga walivyotaka.

Hali ilibadilika katikati ya miaka ya 1950, Shirikisho liliporuhusiwa kukusanya michango ya hiari. Hatua ya kwanza waliyochukua viongozi wake inaonyesha jinsi fedha inavyozaa sauti. Mwaka 1955 walimwajiri mbunge wa chama cha Labour, James Callaghan, awe mshauri wao bungeni, kwa malipo. Aliifanya kazi hiyo hadi 1964. Miaka mitatu baadaye, mtu huyohuyo akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, mwenye dhamana juu ya polisi. Sidai kwamba alifanya lolote baya. Nasema kwamba kwa kanuni za siku zile, chombo cha askari kiliweza kumlipa mbunge akisemee, na mbunge huyo akapanda hadi kiti cha waziri wa polisi, bila hatua yoyote kati ya hizo kuvunja sheria.

Kisa kikaendelea. Mwaka 1977 Callaghan alikuwa Waziri Mkuu, akisimamia sera ya kubana mishahara, na mkutano mkuu wa Shirikisho ukapiga kura kudai haki ya kugoma. Serikali yake iliunda kamati ya Lord Edmund-Davies, ambayo mwaka 1978 ilipendekeza nyongeza ya mshahara ya karibu asilimia 45. Labour walitaka kuilipa kwa awamu. Conservative, chini ya Margaret Thatcher, waliahidi kuilipa yote mara moja. Wakati huo Shirikisho lilikuwa limeshaingia kwenye kampeni yake ya sheria na utulivu, iliyoanza mwaka 1975, na uchaguzi wa Mei 1979 ulipokaribia lilinunua matangazo kwenye magazeti ya kitaifa. Matangazo hayo hayakumtaja mgombea wala kuwaambia watu wapigie chama gani. Hayakuhitaji kusema hivyo. Msomaji aliyefahamu ahadi za vyama viwili kuhusu polisi aliona mwenyewe mkono unaelekea wapi.

Hapo ndipo pengo la usimamizi linapoonekana wazi. Chama cha kawaida cha wafanyakazi nchini Uingereza kimebanwa na kanuni zilizoanza na sheria ya 1913: kikitaka kutumia fedha kwa malengo ya siasa, lazima kiwe na mfuko maalumu wa siasa, mfuko huo upitishwe kwa kura ya wanachama, na mwanachama asiyetaka kuuchangia asilazimishwe. Kuna afisa wa serikali anayepokea hesabu za vyama kila mwaka na kusikiliza malalamiko ya wanachama. Shirikisho la Polisi halimo katika utaratibu huo, kwa sababu machoni pa sheria si chama cha wafanyakazi. Sheria ya 1919 ilipowanyang'anya askari silaha ya mgomo, ilililaza pia Shirikisho nje ya ua uliojengwa kuwalinda wanachama dhidi ya viongozi wao wenyewe. Kampeni ikageuka kuwa silaha kuu waliyobaki nayo, na silaha hiyo haikuwa na mlinzi.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma huenda akaona mambo haya yako mbali. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 24, inaruhusu sheria kubana haki za askari wa Huduma ya Kitaifa ya Polisi, zikiwemo uhuru wa kujumuika na haki za mahusiano ya kazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, isipokuwa vifungu vichache, haiwagusi polisi. Ndiyo maana kero za askari wetu hufika kwa wananchi kupitia tume na vikosi kazi, kama kile kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, David Maraga, kilichowasilisha ripoti yake mwaka 2023. Afrika Kusini walikwenda njia nyingine: POPCRU ya polisi na magereza, iliyoanzishwa mwaka 1989, ni chama kamili cha wafanyakazi na mwanachama wa COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Siku ambayo nchi yoyote ya ukanda wetu itaamua kuwapa askari chombo cha kuwasemea, swali la fedha litakuja nalo, na ni afadhali walioanza zamani watuonyeshe lilikowaponza.

Turudi England. Hadi mwaka 2012, fedha na nguvu za Shirikisho zilitoka mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na msimamizi wake au haukuwa naye.

Wa kwanza ulikuwa ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyolipia mishahara na gharama za mwenyekiti, katibu mkuu na mweka hazina. Ilikuwa pauni 320,000 kwa mwaka. Wa pili ulikuwa ada za wanachama, zilizokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Hapa palikuwa na jambo la ajabu: askari alihesabika mwanachama papo hapo anapoajiriwa. Wa tatu ulikuwa mapato ya matawi, yakiwemo ya bima za pamoja, na mengi yaliwekwa kwenye akaunti ambazo ndani ya Shirikisho zilijulikana kama akaunti namba mbili. Wa nne haukuitwa mfuko kabisa: muda wa kazi. Mwakilishi wa Shirikisho katika kikosi, hasa wa ngazi za juu, aliweza kutumia siku zake zote kwenye shughuli za Shirikisho huku mshahara wake ukiendelea kulipwa na kikosi, maana yake na mlipa kodi.

Sasa tuingie Sutton Coldfield, mahali ambapo mifuko hiyo ilikutana na ikaleta balaa.

Jioni ya tarehe 19 Septemba 2012, Andrew Mitchell, kiongozi wa nidhamu wa wabunge wa chama tawala, alitaka kutoka na baiskeli yake kupitia geti kuu la Downing Street. Askari wa zamu akamwambia apite geti la pembeni. Maneno makali yakatoka. Kumbukumbu ya polisi ya tukio hilo ilivuja kwenye magazeti, nayo ilidai Mitchell aliwaita askari kwa neno la kudharau watu wa tabaka la chini. Alikiri kutukana, neno hilo alilikana. Kwa Shirikisho, lililokuwa katikati ya vita vya bajeti, lilikuwa tukio la kufaa sana. Waziri wa serikali iliyokuwa ikiwakata mishahara askari, na dharau yake hadharani. Matawi ya West Midlands, West Mercia na Warwickshire tayari yalikuwa yamekodi kampuni ya uhusiano wa umma iwasaidie kwenye kampeni ya kupinga mageuzi.

Tarehe 12 Oktoba wawakilishi watatu wa matawi hayo walikutana na Mitchell ofisini kwake jimboni, Sutton Coldfield. Mazungumzo yalichukua kama dakika 45. Walipotoka nje, kamera za televisheni zilikuwa zinasubiri. Wakasema amekataa kueleza alichosema, na kwamba nafasi yake haiwezi kuendelea. Hawakujua kuwa Mitchell alikuwa ameyarekodi mazungumzo. Sauti ilipotolewa hadharani, ilionyesha alikuwa ameeleza mengi kuliko walivyodai. Wiki moja baada ya kikao kile alijiuzulu.

Sitaki kukiendesha kisa hiki kuelekea upande mmoja, kwa sababu chenyewe hakikwenda hivyo. Askari mmoja ambaye hakuwepo getini alimwandikia mbunge wake barua pepe akijifanya raia aliyeshuhudia. Februari 2014 alihukumiwa kifungo cha miezi 12. Lakini Novemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ilipoamua kesi za kashfa zilizofunguliwa, jaji aliona kuwa kwa uzani wa ushahidi Mitchell alitamka neno lile au maneno yanayofanana nalo. Askari wa getini aliaminika. Walioharibu ni waliojenga kampeni juu ya mgongo wake. Ninapofikiria jambo hili, huwa namfikiria yeye kwanza: mtu aliyefanya kazi yake ya kawaida jioni moja, halafu ukweli wake ukafunikwa kwa miaka miwili na watu waliosema wanamtetea.

Nani alikuwa na mamlaka ya kusema, kabla ya tarehe 12 Oktoba, kwamba mpango huu haufai? Makao makuu ya Shirikisho hayakuwa na amri juu ya matawi na akaunti zao. Wakuu wa vikosi waliwalipa mishahara wawakilishi wale lakini hawakuwa na haki ya kuwaelekeza katika kazi ya Shirikisho, na ni sawa wasiwe nayo. Wizara ilitoa ruzuku kwa watu watatu wa juu tu. Wanachama, ambao ada zao zilitumika, hawakuulizwa. Kila aliyekuwa na fedha ndani ya kampeni hakuwa na neno, na wenye neno hawakuwajibika kwa fedha.

Shirikisho lenyewe, chini ya mwenyekiti Steve Williams, lilitambua kuwa mambo yameharibika. Liliomba ufanyike uchunguzi huru, ukaongozwa na Sir David Normington, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Ripoti yake ya Januari 2014 ilitoa mapendekezo 36. Ilizungumzia akiba ya makumi ya mamilioni ya pauni, ikataka hesabu zote zichapishwe, zikiwemo za akaunti namba mbili ambazo baadhi ya matawi hayakuwa tayari kuzifungua hata kwa wachunguzi. Ilitaka Shirikisho liweke maslahi ya umma ndani ya kusudi lake kuu, pamoja na maslahi ya wanachama. Naiheshimu ripoti hii hasa kwa sababu haikuliambia Shirikisho lipunguze sauti. Ililiambia kwamba limepoteza imani ya watu linaowasemea, na kwamba chombo kisichoaminiwa hakina ushawishi hata kikipiga kelele kiasi gani.

Halafu akaja Theresa May. Mei 2014, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Shirikisho mjini Bournemouth, ukumbi uleule ambao miaka miwili kabla ulimzomea. Alisema ruzuku ya pauni 320,000, ambayo tayari alishaamua kuishusha hadi 190,000, sasa itakoma kabisa ifikapo Agosti. Alisema haikubaliki chombo chenye akiba kubwa kiasi kile kulipiwa mishahara ya viongozi wake na umma. Uanachama wa moja kwa moja utaondolewa; askari atajiunga kwa kuamua mwenyewe. Wizara itakuwa na haki ya kudai hesabu zote. Shirikisho litaingizwa chini ya sheria ya uhuru wa habari. Na kama halitajirekebisha, serikali italirekebisha. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Siku hiyohiyo mkutano ulipiga kura kukubali mapendekezo yote 36.

Hatua zile nyingi zilikuwa sahihi, na bado namna zilivyoletwa inanitia shaka hadi leo. Kampeni yote ya 2012 ilikuwa ikimlenga May na bajeti yake. Sasa yeye huyohuyo ndiye anakata fedha za waliompinga na kujipa haki ya kupekua hesabu zao. Fikiri waziri mwingine, mwenye nia mbaya, akiwa na mamlaka yaleyale: Shirikisho linaandaa kampeni ya kupinga sera yake, na yeye anaandika barua kudai orodha ya malipo yote ya tawi fulani wiki moja kabla ya maandamano. Kisheria ni usimamizi. Kwa waliopokea barua hiyo ni tishio. Msimamizi wa hesabu za kampeni hapaswi kuwa mtu ambaye kampeni hiyo inamsema.

Kwa bahati nzuri, sheria iliyopatikana baadaye ilikuwa pana kuliko mkono wa waziri mmoja. Sheria ya Polisi na Uhalifu ya 2017 iliingiza katika sheria inayoliongoza Shirikisho wajibu mpya: Shirikisho, katika kutimiza kusudi lake, lilinde maslahi ya umma na lidumishe viwango vya juu vya maadili na uwazi. Na kwa upande wa uhuru wa habari, likahesabiwa kama chombo cha umma. Hilo la mwisho ndilo lenye meno. Mwandishi wa habari wa gazeti dogo la mkoani, mwanachama asiyeridhika, hata raia aliyeibiwa na akaona polisi hawakuja, kila mmoja anaweza kuuliza kampeni fulani iligharimu kiasi gani na nani alilipwa. Akinyimwa jibu, anakwenda kwa Kamishna wa Habari, ambaye hana ugomvi na Shirikisho wala hatafuti kura zake.

Nako kuondoa uanachama wa moja kwa moja kulifanya kazi kubwa kuliko kukata ruzuku, ingawa hakukuvuma sana. Pauni 190,000 hazikuwa kitu kwa chombo chenye akiba ile. Lakini askari ambaye lazima ajaze fomu ili ajiunge ni askari anayeweza pia kutojiunga. Wanachama walikuwa wameshaonyesha kuwa hawafuati tu: mapema mwaka 2013, Shirikisho lilipowauliza kama lidai haki za migomo, kura 45,651 zilisema ndiyo na 10,681 zikasema hapana, lakini wenye haki ya kupiga kura walikuwa zaidi ya 133,000 na kanuni ilidai zaidi ya nusu yao wote waunge mkono. Hoja ikaanguka. Kukaa nyumbani kwa walio wengi kulikuwa na uzito wake, na laiti kila kampeni kubwa ya matangazo ingepitishwa kwa njia kama hiyo, Sutton Coldfield isingetokea.

Umebaki mfuko wa nne. Hesabu za pauni zinakaguliwa. Saa za kazi ni ngumu zaidi kuziona. Mwakilishi anayelipwa na kikosi akimsindikiza askari mwenye msongo wa mawazo kwenye kikao cha nidhamu, umma unanufaika, na mimi kama mlipa kodi ningelipa kwa moyo mweupe. Akikaa meza ileile mchana wa siku hiyohiyo kuandaa taarifa ya kumshambulia mbunge, muda ni uleule na mshahara ni uleule, ila kazi si ileile. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2016 iliwataka waajiri wa umma wachapishe ni saa ngapi na fedha kiasi gani zinatumika kwa wafanyakazi wao walio viongozi wa vyama. Karani wa kituo cha polisi aliye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi cha UNISON aliingia kwenye jedwali hilo. Konstebo wa Shirikisho anayefanya kazi chumba cha pili hakuingia, kwa sababu ileile ya mwaka 1919: chombo chake si chama cha wafanyakazi. Anayetaka kujua saa zake kwa nchi nzima lazima aandike barua kwa vikosi 43, kimoja kimoja, na kila kikosi kina namna yake ya kuzihesabu.